Nusu ya Kashata

Je, wewe umewahi kumuuzia mtu kitu ambacho wewe mwenyewe, ungepewa bure, ungekirudisha? Mwanakheri aliwahi, naye alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Ilikuwa mwaka wa 1971. Mwanakheri alikaa mtaa wa Mlandege na mama yake, Bi Time, mpika kashata za nazi. Kila siku akirudi skuli alivua sare, akala, akanawa mikono, akakaa na kisu mbele ya sinia. Kashata hukatwa zikiwa bado zina moto, mshazari kwa mshazari. Alikata ishirini na nne, kila moja pana kama kiganja cha mtoto mdogo. Baada ya sala ya alasiri alizipeleka kwenye baraza ya Mzee Silima, muuza kahawa, ambako wazee walinunua moja moja kwa senti tano.

Basi vitu vikaanza kupanda. Sukari ilipatikana kwa foleni, na ikipatikana bei yake si ya jana. Nazi nayo ikapanda. Boflo, ule mkate wa dukani, likawa dogo, ukilibonyeza linanywea mkononi. Sabuni iliyeyuka kabla nguo hazijatakata, na kanga ukiifua mara mbili, rangi yote imebaki karaini. Kila kitu kilikuwa na jina lile lile, lakini chenyewe sicho.

"Mama, kwa nini tusipandishe bei?" Mwanakheri aliuliza.

"Tukipandisha watatukimbia. Wewe kata sabini na mbili."

"Na wakiuliza?"

"Waambie ni zile zile."

Wiki iliyofuata Bi Time alianza kuchanganya chicha, yale makapi yanayobaki nazi ikishakamuliwa tui, ambayo watu huwamwagia kuku. Hiliki akaiacha kabisa. Kashata ikawa kavu, inakwaruza koo.

"We Mwanakheri!" aliita Mzee Silima barazani.

"Naam, babu."

"Hii kashata au hirizi? Itie uzi basi nimvishe mjukuu wangu."

Wazee wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Mwanakheri akainamisha kichwa.

"Zile zile, babu."

"Zile zile! Basi kinywa changu ndicho kilichokua."

Mmoja tu hakucheka. Huyo ni Mzee Makungu, ambaye ujana wake wote alikuwa hamali wa magunia ya karafuu bandarini. Desturi yake ilikuwa kuivunja kashata katikati, nusu akala na kahawa, nusu akaifunga kwenye karatasi kumpelekea mkewe, Bi Sichana, aliyepooza miguu. Tangu kashata ziwe ndogo, Mwanakheri alimwona akinywa kahawa chungu tupu, kashata akaifunga nzima. Alitaka kumuuliza sababu, lakini aliogopa jibu.

Siku moja Mzee Makungu hakuja. Alikuwa kwenye foleni ya mchele tangu asubuhi.

"Mwanangu," Mzee Silima alimwambia, "mpelekee mkewe kashata yake. Nyumba ya tatu hapo, chumba cha uani."

Bi Sichana alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, mto mmoja mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mwanakheri, wa kashata."

"Aa, ndiye wewe! Njoo karibu nikuulize, maana wewe ndiye unayejua. Hivi mume wangu ananipunja?"

Mwanakheri akaliweka sinia sakafuni.

"Miaka sita nimelala hapa, na kila alasiri ananletea nusu ya kashata. Nusu ya haki. Siku hizi ananletea kipande kama ukucha. Namuuliza, 'Makungu, hii ndiyo nusu?' Ananambia, 'Ndiyo, yangu nshakula.' Nusu gani ile? Hebu nionyeshe kashata nzima ikoje."

Mwanakheri aliingiza mkono chini ya kitambaa cha sinia, ukabaki huko huko. Akitoa moja, Bi Sichana ataona ni kipande kile kile anacholetewa, na mtaa mzima utajua kuwa mama yake anapunja. Vidole vyake vikakutana na kashata tatu zilizoshikana. Akazibana vizuri, akazitoa kama moja.

"Hii hapa, bibi. Zile zile."

Bi Sichana aliitazama, kisha akaiweka pembeni bila kuionja.

"Basi ni kweli," alisema taratibu. "Kipande changu hakifiki nusu ya hii. Nlikuwa najilaumu, nasema labda macho yangu. Miaka arubaini tumekula sinia moja, leo sina miguu ananinyima nusu ya kashata."

Siku ya pili barazani hapakuwa na habari nyingine.

"Bi Sichana hasemi na mumewe," alisema Mzee Silima huku akimimina. "Hata maji hapokei mkononi mwake. Ametuma mtu Kizimkazi, kaka yake Mkadam aje Ijumaa amchukue."

"Kosa lenyewe?"

"Kashata!"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Mwanakheri aliliacha sinia pale pale, akakimbia nyumbani. Akamweleza mama yake yote, mpaka zile tatu alizozibana.

"Ukamwambia nini?" aliuliza Bi Time.

"Nilisema ulivyonifundisha."

Bi Time hakumpiga wala hakumfokea. Alikaa chini kwanza, mikono yake ina chicha mpaka kwenye viwiko. Kisha akanawa, akajitanda kanga, akasema, "Twende."

Walimkuta Mzee Makungu amekaa kizingitini. Mkewe ameelekea ukutani, na furushi lake la nguo limeshafungwa. Bi Time akaweka kashata moja tu kitandani.

"Bi Sichana, moja ndiyo hii. Jana mtoto alikupa tatu. Mume wako haonji kashata sasa wiki ya tano, anakuletea yote. Aliyekupunja ni mimi."

Bi Sichana akageuka polepole. "Makungu, ni kweli?"

"Kweli."

"Mbona uliniambia, 'Nshakula'?"

"Ningekwambia sijala, wewe ungekula?"

"Basi na wewe umenificha," alisema Bi Sichana. Akarudi kuelekea ukutani, na furushi hakulifungua.

Njiani, walipokaribia Darajani, Bi Time akasema:

"Dukani walinipunja, na mimi nikasema niwapunje wengine, madhali siwaoni wakiumia. Nlidhani tunapunguza sukari, kumbe tumempunguzia mtu heshima mbele ya mkewe. Sikiliza, mwanangu. Kitu kikipanda, sema kimepanda. Mtu atakukasirikia wewe, na ni haki yake. Ukimficha, atamkasirikia asiye na kosa. Na lile neno 'zile zile' nilikupa mimi. Nisamehe."

Kesho yake hapakutiwa chicha. Mwanakheri alikata ishirini na nne, hiliki inanukia, na kabla hajaulizwa akasema, "Wazee wangu, zimepanda. Senti kumi."

"Senti kumi!" mmoja akasonya, akainuka. Wateja wanne hawakurudi tena mwezi ule, na nyumbani kwa Bi Time walikula muhogo bila kitoweo zaidi ya mara moja. Lakini waliobaki walikula kashata bila kumtania.

Ijumaa ile Mwanakheri alipeleka kashata moja chumba cha uani. Mkadam alikuwa ameshafika, amebeba furushi begani, gari linamngoja nje. Mzee Makungu akaivunja kashata katikati, akampa mkewe nusu. Ile ya pili akaanza kuifunga karatasi.

"Unaipeleka wapi?" aliuliza Bi Sichana.

"Nitaila barazani, na kahawa."

Bi Sichana akaitazama ile nusu mkononi mwake, akamtazama kaka yake.

"Mkadam, teremsha huo mzigo."

Kisha akamgeukia mumewe.

"Makungu, mimi kashata sikuwahi kuitaka. Nlitaka ukae hapa, ule na mimi."