Siku Saba za Kutoutazama

Kitazamo, ule ukuta wa picha uliozifukuza televisheni za kebo mjini Morogoro, haukuwa na stesheni wala ratiba. Ulisoma mboni za mtazamaji, ukajua anatamani nini, ukamtungia kipindi chake papo hapo. Mzee Mkude ulimtungia tamthilia ya marehemu mkewe. Kwa miezi minane sasa, marehemu alikuwa akipika na kucheka ukutani, na mzee hakutoka sebuleni hata kwenda kwa kinyozi.

Binti yake, Zamoyoni, alikuwa fundi wa kebo tangu zama zile mtaa mzima ukijazana kwa jirani mmoja kutazama kipindi kimoja. Kebo zilipokufa akahamia Kitazamo, na huu wa nyumbani aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anampoza baba. Sasa alijuta, akataka kuuondoa. Kuuvunja haikuwezekana, maana ukuta huohuo ndio uliobeba umeme na maji ya nyumba. Mkataba wa kufungiwa Kitazamo uliacha tundu moja tu: wenye nyumba wakae humo ndani siku saba bila yeyote kuutazama, ndipo picha zizimike pamoja na taa yake. Jicho likiteleza mara moja, hesabu inaanza upya.

"Unaniulia mama yako mara ya pili," mzee alilalamika.

"Baba, mama tulimzika. Huyu hata hakujui."

"Kama hanijui, mbona kila siku ananiuliza kama nimekula?"

Walilia wote wawili. Kisha mzee, kwa shingo upande, akageuza kiti.

Siku sita walikula wameupa ukuta mgongo, sauti ya marehemu ikiwabembeleza kutoka nyuma. Siku ya saba, alasiri, sauti ikanyamaza. Mzee akapapasa ndevu zake, akatabasamu.

"Nipeleke kwa kinyozi, mwanangu."

Zamoyoni alijawa na furaha, akabeba mkoba wake wa vifaa. Ila fundi haondoki kwenye kazi bila kuhakikisha taa imezimika, na yeye alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini. Akageuza shingo.

Taa ilikuwa bado inawaka. Zilibaki dakika mbili siku saba zitimie.

Ukuta ulimsoma macho. Mama yake akatokea, amejifunga kanga ile ya kijani, akamtazama yeye, si baba.

"Zamo, mbona umekonda hivyo? Umekula?"

"Vipi, imezimika?" mzee aliuliza, bado ameupa ukuta mgongo.

"Bado, baba," Zamoyoni alijibu, huku akivuta kiti na kukigeuza kuelekea ukutani.