Jinseng ya Bwana Gwak na Kope za Boram

Siku ile mjinga alikuwa Bwana Gwak, na mpaka leo ukimwuliza hakatai. Lakini msimcheke sana, jamani. Wajinga wa mapenzi tuko wengi.

Nyumba yao ya Geumsan ilikuwa imetulia. Yeye yuko uani anapika kwa mvuke jinseng yake, mizizi ya Kikorea ya kutia nguvu anayoiuza sokoni, mkewe anamenya vitunguu saumu, na binti yao Boram amekuja kupumzika kabla ya kupasuliwa kope huko Seoul. Kope zake zilikuwa nzito, zimelala, za baba yake kabisa.

"Umeyachoka macho yangu, eeh?" baba akamtania.

"Yako nitayaona usoni mwako, Baba. Haya nataka yafunguke."

Daktari alikuwa amemkataza mafuta ya samaki, mitishamba, na hasa jinseng, majuma mawili kabla ya kisu, kwa kuwa huenda damu ikakawia kuganda. Bwana Gwak alicheka. Kwao mtu akikabiliwa na jambo zito, awe anafanya mtihani au anakwenda jeshini, hunyweshwa jinseng. Amwache mwanawe wa pekee aende kisuni mkavu? Kila asubuhi akamtilia kwa siri kwenye chai ya shayiri, asali juu yake, mpaka uchungu ukaona haya. Na harufu? Nyumba ile hata mablanketi hunuka jinseng!

Siku ya upasuaji walimsindikiza. Muuguzi akamwuliza Boram, "Hujanywa dawa wala mitishamba tangu tukukataze?"

"Hata tone."

"Vizuri. Damu ikijikusanya nyuma ya jicho, mtu anaweza kupofuka."

Bwana Gwak alikuwa ameshika chupa yenye chai iliyobaki. Aseme, aaibike mbele za watu? Kitanda kikaanza kusukumwa kuelekea mlangoni.

"Simameni! Amekunywa! Mimi ndiye niliyemnywesha!"

Upasuaji ukaahirishwa. Boram alilia kwa hasira. Kisha akamwona baba yake ameikumbatia ile chupa kama mtoto aliyevunja chungu, akamfuta jasho kwa mkono wa gauni la hospitali.

"Ungenyamaza, Baba, huenda uso huu nisingeuona tena."

Baada ya muda aliopanga daktari, alipasuliwa salama. Kope zilipofunguka, cha kwanza alichokiona ni Bwana Gwak anakoroma kitini.

FUNZO

Ndugu zangu, kabla ya kisu mwambieni daktari kila kinachopita kooni: vidonge, mizizi, mafuta, hata chai ya nyumbani. Na dawa uliyoandikiwa usiiache kwa akili yako. Mwulize yeye kwanza. Upendo unaofichwa kikombeni hauna kipimo.

Bwana Gwak aliyakubali yote, ila moja. Wakiwa njiani kurudi alinung'unika, "Lakini Mama Boram, jinseng si dawa. Ni chakula tu."

"Ajabu!" mkewe akamjibu. "Sokoni unainadi kuwa inatibu kila ugonjwa, kufika kwa daktari imegeuka kabichi?"