Maneno Ambayo Bibi Hakuyasema

Kila Jumamosi asubuhi Selestina alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akakaa kibarazani kumsubiri dada Blandina wakarekodi filamu. Jumamosi hii alijikuta anafagia palepale alipokwisha kufagia. Aliiogopa kesho.

Blandina alikuwa binti wa baba yake mkubwa, msichana wa miaka ishirini aliyekulia Moshi. Aliacha chuo cha uhasibu akaja Karatu, akitaka kujifunza kuendesha magari ya watalii wanaoshuka kreta ya Ngorongoro. Safari yake hiyo ya kujitafuta aliirekodi kwa simu. Filamu yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa na kasoro tele. Picha zilitikisika, upepo ulimeza sauti, na mbuzi wa jirani alipita mbele ya kamera kama mwenye nyumba. Lakini ukianza kuitazama, huiachi. Kesho ingeonyeshwa kwenye ukumbi wa parokia baada ya misa.

Tatizo lilikuwa kipande cha Bibi, aliyeishi kijijini Rhotia. Blandina alimweleza nia yake, Bibi akamjibu kirefu kwa Kiiraqw. Blandina hakukijua. Selestina naye, mtoto wa mjini, alijua salamu na majina ya vyakula tu. Lakini alipoombwa atafsiri, aliona aibu kukataa. Mtu wa Karatu asijue lugha ya bibi yake? Akajitia kujua. Kwa kuwa Bibi alikunja uso na kunyoosha kidole, Selestina alikisia, akaandika tafsiri ya kuwekwa chini ya picha: "Rudi chuoni. Ukikataa, usinihesabu tena kuwa bibi yako."

Blandina aliposoma maneno hayo alilia. Hakwenda kumuuliza Bibi. Mzee akishakataa, nani amrudie? Alikata mguu Rhotia, na sasa alikuwa chumbani akipanga nguo kwenye begi. Filamu ikiisha kuonyeshwa, angerudi Moshi na kuyaacha yote.

Selestina alisimama mlangoni. Akisema, dada angemchukia. Asiposema, kesho watu wanaojua Kiiraqw wangesikia hili na kusoma lile, naye angeumbuka mbele ya parokia nzima. Lakini kilichomtisha zaidi ni lile begi lililokuwa likijaa.

"Dada, nilidanganya," alisema. "Sikuelewa alichosema Bibi. Nilitunga."

Blandina akaliacha begi. Kisha akachukua simu, wakaenda kwa Emmanueli, baba yake Selestina, aliyekuwa akipalilia maharage nyuma ya nyumba. Baba alisikiliza sauti ya Bibi mpaka mwisho, akaomba irudiwe.

"Anasema hivi," alieleza taratibu. "'Nilipokuwa msichana nilitaka kusomea unesi. Nilimwogopa baba yangu, nikanyamaza. Wewe usinyamaze. Nenda, ila uwe unakuja kuniona.'"

Blandina akakaa chini palepale kwenye udongo, akalia upya. Baba akamgeukia Selestina.

"Kutojua si kosa, mwanangu," alisema. "Ila umemwekea Bibi maneno mdomoni, na dada yako nusura aache analolitaka kwa sababu yako."

Akawapeleka Rhotia siku hiyohiyo. Bibi alikuwa amekaa akijiuliza amemkosea nini mjukuu wake hata haji tena. Baba alipomweleza, Selestina akainamisha kichwa akingoja kugombezwa. Bibi akamshika mkono, akatafuta maneno ya Kiswahili alichojifunzia sokoni.

"Hujui, uliza," alisema. "Mimi bado niko."