Gauni la Njano Lililokataa Kutakata

Dobi mmoja alikuwa na chumba cha kufulia nyuma ya nyumba yake. Humo mlikuwa na mabeseni manne, kamba moja na pasi ya mkaa. Watu walimwita Povu. Mkewe alikuwa fundi cherehani.

"Wewe unasugua nguo za watu mpaka zinachanika, ili mimi nipate kazi," mke alimtania kila asubuhi.

"Basi nishukuru," Povu alijibu.

Mchana mmoja mke alikuwa akivuka barabara, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Gari likamgonga. Halikusimama.

Mguu wake wa kulia ulivunjika mara mbili. Hospitali walimfunga plasta. Daktari akasema, "Bila upasuaji, hatakanyaga tena cherehani." Gharama ya upasuaji ilikuwa kubwa kuliko uwezo wao. Povu alirudi nyumbani na mke anayelia, na mfuko wa nguo zake.

Mfukoni mlikuwa na gauni la njano, ambalo mke alilishona mwenyewe. Kifungo kimoja kati ya sita kilikuwa kimekatika. Kwenye pindo palikuwa na alama nyeusi ya tairi. Povu alilitazama, roho ikamuuma. Akafanya lile analolijua. Alilifua.

Aliliosha, akalisuuza, akalianika ndani ya chumba cha kufulia ili mkewe asilione. Lilipokuwa bichi, alama haikuonekana. Lilipokauka, alama ilirudi. Akalifua mara ya pili. Ikarudi. Mara ya tatu alikaa kwenye ndoo akalitazama likikauka. Alama ilipanda polepole kutoka ndani ya kitambaa, mstari mmoja baada ya mwingine. Akatoka, akafunga mlango kwa kufuli.

Alasiri hiyo, saa tisa kamili, alikuja mgeni. Mbwa wa jirani, anayebwekea hata upepo, alinyamaza kimya. Mgeni alivaa shati jeupe lisilo na kunyanzi hata moja. Viatu vyake havikutoa sauti. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akamtazama mgonjwa bila kupepesa macho.

"Poleni," alisema. "Mimi sikuiona ajali, wala dereva simjui. Nimetumwa na watu wenye huruma. Wekeni dole gumba kwenye karatasi hii, mpate msaada kidogo."

"Tutafikiri kwanza," Povu alisema.

Kesho yake, saa tisa kamili, alikuja tena. Siku ya tatu pia. Alikaa kwenye kiti kilekile, akasema maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Mke alianza kutetemeka kila mbwa aliponyamaza.

"Baba Watoto, tuweke dole tu," alinong'ona. "Aende zake. Namwogopa."

Povu alikuwa karibu kukubali. Mgeni akainuka.

"Kesho nakuja na wino," alisema. "Na lile gauni la njano, nipeni nikalitupe. Limekatika kifungo. La nini tena?"

Alipotoka, Povu alibaki amesimama kama mlingoti. Gauni lilikuwa ndani, mlango una kufuli. Hata mkewe hakuwa ameliona tangu ajali. Nani alimwambia habari ya kifungo?

Akajikaza kisabuni, akachukua ile karatasi aliyoiacha mgeni, pamoja na gauni, akakimbilia kwa jirani. Jirani huyo alikuwa karani wa kituo cha msaada wa kisheria.

Karani alisoma karatasi. "Shemeji, unajua imeandikwa nini? 'Nimeridhika. Sitadai chochote tena kwa mtu yeyote.' Ukiweka dole hapa, itakuwa kazi kubwa kudai haki yenu baadaye."

"Na gauni? Nimelifua mara tatu. Alama inarudi."

"Mambo ya madoa unayajua wewe. Mimi najua huu ni ushahidi. Usilifue tena! Na huyo mgeni amejuaje kifungo kimekatika? Mtu huyo alimwona mkeo siku ile, akiwa chini."

Povu alilikumbatia lile gauni.

"Sasa tufanye nini?"

"Twende polisi leo hii. Ajali iandikwe, mpewe nakala ya taarifa. Hospitali, omba ripoti ya daktari. Kila risiti, tunza. Tafuta aliyeona ajali. Gari likipatikana, tutadai kwa bima yake. Bima ikikataa, tutakwenda mahakamani. Lakini madai yana muda wake. Ukichelewa, mlango unafungwa."

"Sina pesa ya wakili."

"Kituo chetu kina wakili. Hatozi wasiojiweza."

Walianzia polisi. Kisha wakaenda pale barabarani. Fundi viatu wa pembeni ya kivuko aliwatolea soli kuukuu. Namba ya gari ilikuwa imeandikwa juu yake kwa kalamu.

"Niliiandika siku ileile," alisema. "Nimengoja mtu aniulize. Hakuna aliyekuja."

Kesho yake saa tisa kamili, mbwa alinyamaza. Mgeni aliingia na wino wake. Kwenye kiti chake alikuwa amekaa askari.

Gari lilikutwa limefichwa uani kwake, limeoshwa likang'aa. Lakini nyuma ya kibao cha namba kilikuwa kimenasa kifungo cha njano. Dereva alikuwa yeye mwenyewe.

Madai yalichukua miezi mingi. Mwishowe bima ililipa upasuaji, na siku zote ambazo mke hakufanya kazi. Leo anakanyaga cherehani kwa mguu uleule.

Kesi ilipokwisha, gauni lilirudishwa na kifungo chake. Mke alikishona mahali pake. Povu akalifua mara ya nne, akalianika, akakaa kwenye ndoo na kungoja. Lilikauka pindo lote. Alama haikurudi.

"Limetakata?" mke aliuliza kutoka ndani.

Povu alifuta machozi. Alilikunja gauni, akampelekea.