Jina la Mama Juu ya Sabuni

Ko, ko, ko. Mtu aligonga kitu jikoni pole pole, kama anayeogopa kuamsha jogoo wa mtaa wao wa Matisi, Kitale. Wamboi alijifunga leso, akaenda kuchungulia.

Mama yake, Nyaruai, alikuwa ameinamia meza, sweta kuukuu juu ya gauni la kulalia. Alikuwa akigonga kalibu, lile umbo la alumini la kumwagia sabuni, mpaka kipande kikamdondokea kiganjani. Kilikuwa cheupe kama maziwa, mgongo umejipinda kama wa yai lililolala. Juu yake lilipaswa kusimama jina NYARUAI. Lilisimama YARUA. Herufi mbili za pembeni zilikuwa zimebaki ndani ya kalibu.

Mama alizichokoa kwa sindano, akazilowesha, akazibandika mahali pake kwa ncha ya kidole.

"Mama! Kumbe hii ndiyo kazi unafanya kila asubuhi?"

"Shh. Watu wa soko wakiona hivi watauliza ni nani alichora. Nitawajibu nini? Ati ni yule kijana wa Wamboi?"

Wamboi alivuta kigoda, akamshikia taa.

Kijana mwenyewe aliitwa Wabwile, wa Kanduyi kule Bungoma. Walikutana mwaka huo wa 2006 kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale, watu wakisukumana kati ya ng'ombe wa gredi na matrekta mapya. Wamboi alikuwa na gauni la njano lenye maua, na chini gambuti kwa sababu ya matope. Wabwile alivaa dastikoti ya buluu iliyopigwa pasi, penseli sikioni. Aliokota sabuni kwenye meza ambapo Wamboi aliuzia sabuni za mama yake, akainusa.

"Sista, mbona hii sabuni haina jina?"

"Jina la nini? Inaenda bafu, haiendi shule."

Wabwile alicheka mpaka penseli ikaanguka. "Mimi huchora kalibu kwa kompyuta. Nipe jina, nitafanya liinuke juu ya sabuni."

"Na utanilipisha nini?"

"Nambari ya simu."

"Hiyo ni ghali, bana."

Lakini alimpa. Tangu hapo simu haikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Wewe kwanza." Kalibu ilifika kama zawadi kwa mama, na Jumamosi ya wiki hiyo Wabwile mwenyewe alitarajiwa Matisi, aonwe kwa mara ya kwanza na mama ambaye alitumaini angekuwa mkwewe.

Kulipokucha, Wamboi alimpigia.

"Sasa dear! Umeamka ukiniwaza?"

"Wabwile, herufi za pembeni zinakatika."

"Haiwezekani. Nilizipa kuta mwinamo wa digrii tatu, ndio sabuni iteleze ikitoka. Kwa kompyuta iko sawa kabisa."

"Kwa meza yetu haiko sawa."

"Basi labda mathe anaharakisha. Si unajua mikono ya wazee hutetemeka..."

"Mikono ya nani?" Sauti ya Wamboi ilipanda. "Hiyo mikono huamka kabla ya jua kubandika herufi zako moja moja, ndio watu wasikucheke! Hajakusema vibaya hata siku moja. Jumamosi usije. Usije kabisa!"

Akakata. Simu ililia tena na tena ndani ya mfuko wa gauni lake, naye akaiacha ilie.

"Ulikuwa unagombana na nani?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna mtu."

"Na huyo hakuna mtu, amekunywa chai?"

Wamboi alicheka huku machozi yakimtoka.

Kule Kanduyi, Wabwile aligeuzageuza mchoro wake kwenye kompyuta. Ulikuwa unapendeza. Lakini maneno ya Wamboi yalimchoma, akachukua kalibu ya pili iliyobaki karakana, akamwaga sabuni kwenye jiko la dada yake, Fridah. Kesho yake aliitoa taratibu, pumzi ameishika. N ikakatika. I ikafuata.

"Kwani na wewe mikono imezeeka?" Fridah akamuuliza.

Wabwile alikuwa ameona kosa. Mwinamo wa kila herufi aliupima kutoka kwenye ule mgongo uliojipinda. Herufi za katikati zilitazama juu, lakini za pembeni zilitazama kando, kila moja upande wake. Sabuni ikivutwa juu, hizo mbili zinajishika kama kulabu. Aliketi akazichora upya, kuta zote zikifuata njia moja, ile ambayo sabuni hutokea. Kwenye kompyuta N ilionekana imenona upande mmoja. Aliiacha inone.

Jumamosi hiyo hakuja. Alikuja iliyofuata, amevaa koti la kahawia, kalibu mpya kwenye gazeti, jogoo wa Bungoma kwapani. Wamboi alimkuta langoni.

"Si nilikwambia usije?"

"Nimekuja kwa mama. Kwako nitakuja baadaye."

"Na huyo jogoo?"

"Ni shahidi wangu."

Wamboi alijikaza asicheke, akashindwa.

Ndani, Wabwile alisimama mbele ya Nyaruai. "Mama, nilisema mikono yako inatetemeka. Makosa yalikuwa kwa mchoro wangu. Naomba unisamehe."

"Keti kwanza. Kijana wa watu ametoka mbali, ataombaje msamaha na njaa?" Akammiminia chai, akamwongezea maziwa.

Mama alimwaga sabuni kwenye kalibu mpya. Ilihitaji mpaka jioni kuganda, kwa hivyo Wabwile alishinda hapo. Alimenya viazi na Wamboi, akichezea vidole vya msichana huyo ndani ya karai kila mama alipogeuka. Na mama aligeuka mara nyingi, wala hakuwa na la kutafuta huko alikogeukia.

Jua likipungua, mama aligonga kalibu mara moja tu. Sabuni ikatoka: NYARUAI. Alipitisha kidole juu ya jina lake, mwanzo hadi mwisho.

"Wamboi," Wabwile alinong'ona, "naomba nichore na jina lako."

"Kwa sabuni?"

"Kwa kadi ya harusi. Karibu na langu."

Wamboi alifunika uso kwa leso. "Ndiyo yangu unayo. Sasa muulize mama."

Mama alijifanya hasikii. Aliwasindikiza mpaka langoni, akamfungia mgeni sabuni tatu za kumpelekea mama yake kule Kanduyi, kisha akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Utakuja tena lini, mwanangu?"

"Siku utakayoniita, mama."

"Basi njoo Jumamosi. Na usije peke yako, uje na wazee wenu."