Skrubu Moja ya Mpini

Skrubu ya mpini ilikuwa imetoka nusu mzunguko. Fundi bunduki akaikaza, akaendelea na kazi zake. Bastola hiyo kuukuu aliileta tajiri mmoja, ipakwe mafuta tu.

Kesho yake ilikuwa imetoka tena, na karakana ilinuka mbao mbichi zilizopigwa randa, ilhali humo kazi zote ni za chuma.

Hapo akajua ni nani. Miaka sita nyuma, tajiri alidai kwamba seremala wa mtaa wa pili amemwibia bastola hiyo, mali ya babu yake. Seremala akasema ameachiwa na marehemu baba yake, aliyeinunua mpya. Mahakama ikamuuliza fundi: ni ya enzi gani? Namba ya kweli huchongwa chini ya mbao za mpini. Fundi, ambaye watu walimwita Jicho kwa kuwa eti hakosei, aliona uvivu kufungua skrubu moja. Akasoma kile kinamba cha kando ya silinda, cha kuoanisha vipuri tu, akaandika: ya enzi za babu. Tajiri akapewa bastola; seremala akafungwa, akafia gerezani.

Siku ya tatu, adhuhuri, mke wa fundi alimshika mumewe mkono mlangoni mwa karakana. "Baba watoto," akanong'ona, "nani anapiga randa humo ndani?"

Fundi akaingia, na huku randa isiyoonekana ikienda na kurudi, akaiona skrubu imelala mezani, mbao za mpini zimeachia, na chini yake ile namba, safi kabisa, ya bastola iliyotoka kiwandani babu wa tajiri akiwa kaburini miaka ishirini.

Mganga aliyeitwa alinusa mara moja tu, akafunga mkoba wake. "Huyu sina la kumfukuzia," alisema. "Anakudai neno."

Fundi akaiandikia mahakama barua, kisha akaenda kwa mama wa seremala. Alipiga magoti, akasema yote, uvivu wake na ile skrubu, akilia kwa aibu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea kigoda.

"Mimi nimekusikia, mwanangu. Sasa kaa. Mwenyewe huja saa hizi kila siku, na bado hajakusikia."

Nyuma ya mlango wa karakana ya seremala, uliofungwa tangu siku ya hukumu, randa ikaanza.