Chumvi Iko Wapi?

"Chumvi iko wapi?"

Hilo lilikuwa swali la kila asubuhi ndani ya gari la Fundi. Mkewe aliuliza akiwa amepiga magoti juu ya godoro. Fundi alikuwa nusu ndani, nusu nje, miguu ikining'inia mlangoni.

"Nimeiweka kwenye kopo la majani ya chai," alisema Fundi.

"Na kopo liko wapi?"

"Ndani ya ndoo ya buluu."

"Na ndoo je, baba?"

Fundi aligeuka kuutazama mzigo. Ndoo ilikuwa chini ya makreti ya vyuma, na makreti yale hayakuwa ya kuinuliwa na mtu mmoja. Basi asubuhi hiyo wakala mayai bila chumvi.

Fundi alitengeneza cherehani. Alikuwa amepewa kazi ya mwaka mzima, kuzunguka vyuo vya ushonaji, mji baada ya mji. Mkewe alikuwa fundi nguo. Mume akishatengeneza cherehani, mke aliijaribu kwa kitambaa, kisha akawafundisha wanafunzi namna ya kuisafisha na kuitia mafuta. Mmoja bila mwenzake, kazi haikwenda. Binti yao wa miaka mitano walisafiri naye pia. Walimwita Swali, kwa sababu tangu aanze kusema hakuacha kuuliza.

Walilala garini. Lilikuwa gari dogo la mizigo, nyuma limezibwa vizuri, na lingeweza kuwa chumba kizuri tu. Lakini lo! Usione gari, ona mzigo. Kulikuwa na sufuria saba, viti vinne, seti ya vikombe vya wageni, na dumu la maji la lita arobaini. Juu ya vyote hivyo yalikaa makreti sita ya Fundi, yenye magurudumu yaliyovunjika, makanyagio yaliyokatika, na sindano za cherehani ambazo hazitengenezwi tena duniani.

"Akiba haiozi," Fundi alipenda kusema. Na kila chuo walichofika, aliokota kingine.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mkewe alikunja shuka, akasimama akishika kiuno.

"Baba Swali, nisikilize. Miezi mitatu sasa. Mgongo unaniuma kwa lile dumu. Sijanyoosha miguu tangu tuondoke. Jumamosi asubuhi kuna basi. Namchukua mtoto, narudi nyumbani."

"Utaniacha na kazi yote hii?"

"Nakuacha na akiba yako."

Hakupaza sauti. Hapo ndipo Fundi alipojua kwamba mkewe hatanii. Alikwenda kwenye karakana ya chuo akiwa na huzuni, akakaza skrubu moja mara tatu bila kujijua.

Adhuhuri mvua ilishuka, mvua ya kwelikweli. Fundi alichukua gunia, akajifunika kichwa, akakimbilia garini kula. Lakini kabla hajafika alisikia sauti ya mwanamke ikifoka.

"Toka! Toka nje, dada! Mpe mtoto hewa!"

Alikuwa dereva wa lori lililoegeshwa uani hapo chuoni, likisubiri kupakiwa sare za shule. Watu walimwita Mama Breki. Kila aliyeagana naye aliulizwa kama amekagua breki, hata aliyekwenda kwa miguu. Sasa alikuwa amefungua milango yote ya gari la Fundi. Kwa mkono mmoja alimvuta mke wa Fundi, kwa mwingine alimbeba Swali. Mtoto alikuwa amelegea, macho yanafumba. Na Swali, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuuliza lolote.

Fundi alitupa gunia, akawakimbilia. "Wamepatwa na nini? Wana nini hawa?"

"Jiko la mkaa," alisema Mama Breki. "Lilikuwa linawaka ndani, milango imefungwa. Nimebisha, hakuna aliyeitika. Shika mtoto! Twende zahanati."

"Mvua ilikuwa inaninyeshea," mkewe alisema kwa shida. "Nikasema nipike ndani kidogo. Kichwa kinaniuma sana."

"Lakini moshi haukuwepo," alisema Fundi.

"Ndiyo ubaya wake huo! Mkaa unatoa hewa ya sumu. Huioni, huisikii harufu. Unadhani ni usingizi, kumbe ndiyo unakwenda."

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Muuguzi aliwawekea mama na mtoto hewa ya oksijeni puani, akakaa nao hadi jioni. Swali alifumbua macho, akamtazama muuguzi.

"Kwa nini kofia yako haianguki?"

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka, wala hakujificha.

Muuguzi alimwambia jambo moja, akalirudia. "Usiwashe mkaa ndani ya gari. Hata uache dirisha wazi. Hata makaa yawe yanazimika. Mtu akiumwa kichwa au akilegea, mtoe nje haraka, umlete hospitali."

Usiku huo muuguzi aliwapa chumba cha kulala palepale. Ijumaa asubuhi, mvua ikiwa imekatika, Mama Breki alimkuta Fundi amesimama mbele ya gari lake, mikono kiunoni.

"Mimi naishi barabarani mwaka wa kumi na tisa huu," alisema Mama Breki. "Lori langu ni chumba, ni jiko, ni kibaraza. Unataka nikuonyeshe?"

"Nionyeshe, dada yangu. Mimi nimeshindwa."

"Hujashindwa. Umepakia vibaya tu. Toa vyote."

"Vyote?"

"Hata kijiko."

Walianza. Mke wa Fundi alikaa kwenye kiti, mgonjwa bado kidogo, akitazama. Vitu vilijaa ua mzima. Wanafunzi waliopita walidhani kuna mnada. Makreti yalipotoka, kitu cha kijani kilionekana sakafuni, kimekunjwa vizuri na kamba zake. Lilikuwa turubai.

Fundi alilitazama. Walilinunua makusudi kwa ajili ya mvua, walitundike ubavuni mwa gari, wapike nje chini yake. Halikuwahi kutundikwa hata siku moja. Makreti yake yalikuwa yamelikalia.

"Mke wangu," alisema, akiliokota. "Jana ulikuwa hulipati turubai kwa sababu yangu. Nisamehe."

Mkewe alinyoosha kidole kwenye lundo la vyombo. "Vikombe vya wageni ni vyangu," alisema. "Na mgeni hata mmoja hatujampata."

"Mimi je?" Mama Breki akadakia, na mke wa Fundi akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sasa sikilizeni," alisema Mama Breki. "Kitu ulichokishika siku tatu hizi, kirudi. Jeki, tairi la akiba na dawa za huduma ya kwanza virudi hata kama hujavigusa. Vingine viniambie vyenyewe vinafanya kazi gani."

Sufuria mbili zilirudi. Vikombe vitatu vikarudi, na cha nne cha mgeni, maana Mama Breki alisimamia hilo mwenyewe. Kila mtu akapewa mfuko mmoja wa nguo. Fundi alisogeza kisanduku chake cha vifaa na kreti moja ya vipuri vizima. Kisha akashika gurudumu lenye ufa.

"Hili huenda likafaa..."

"Akiba haiozi, nakubali," alisema Mama Breki. "Lakini yako ilikaa juu ya mtoto."

Fundi aliliweka chini. Makreti matano aliyapeleka kwa mwalimu wa karakana, wanafunzi wapate vyuma vya kujifunzia kufungua na kufunga. Mwalimu alishukuru kana kwamba amepewa ng'ombe.

Kurudisha vitu ndiko kulikokuwa na elimu. "Kizito kikae chini kabisa, karibu na katikati ya gari, na kifungwe kamba," alisema Mama Breki. "Kizito kikikaa juu, kona moja tu inatosha kukulaza chali. Breki umekagua?"

"Nimekagua."

"Kagua tena."

Fundi alipewa mbao karakanani, na mikono yake ilijua kazi. Alitengeneza kitanda kisichovunjwa kila asubuhi, na chini yake visanduku vya kuvuta. Dumu kubwa lilibadilishwa kwa madumu manane ya lita tano, hata Swali aliweza kusogeza moja kwa kulisukuma. Madirisha yalipata wavu wa mbu, ili walale na hewa inayopita. Turubai lilikaa mlangoni kabisa, litoke kabla ya kitu kingine chochote. Jiko likapewa sanduku la bati, likafungwa kwa nje, nyuma ya gari.

"Na msiendeshe kila siku," Mama Breki alimaliza. "Kila baada ya saa mbili za safari, shukeni mnyooshe miguu. Siku moja kwa wiki, gari lisiwashwe kabisa. Safari ndefu si mbio. Ni maisha, na maisha yanataka Jumapili."

Mke wa Fundi aliinuka, akaingia garini. Alijilaza kitandani, akanyoosha miguu yote miwili hadi mwisho. Fundi hakuthubutu kumuuliza habari za basi.

Jumamosi asubuhi basi lilisimama langoni. Kondakta akachungulia.

"Kuna abiria wawili hapa? Mama na mtoto?"

Fundi alikuwa chini ya turubai, akikaanga mayai. Hakugeuka. Alishika mwiko kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa garini, mfuko wake wa nguo ukiwa mlangoni.

"Hapana, kaka," sauti ya mkewe ikasikika. "Safari njema. Breki mmekagua?"

Basi likaondoka. Ndipo mfuko ukachukuliwa pale mlangoni, ukatundikwa kwenye ndoano yake.

"Baba," aliuliza Swali, "kwa nini unatabasamu na mayai?"

"Kwa sababu yanakosa kitu kimoja tu," alisema Fundi. Akapaza sauti. "Mke wangu! Chumvi iko wapi?"

Kabla hajamaliza swali, mkono ulitoka dirishani, na kopo la chumvi lilikuwa ndani yake.